Kipimo cha mate: mstari wa T uliojitokeza baada ya saa nzima

Ndugu wa Malindi, umesema mstari wa C (unaoonyesha kipimo kinafanya kazi) ulijitokeza mapema kwenye kipimo chako cha VVU cha OraQuick, ule wa T (unaoashiria VVU) ukaja hafifu saa nzima baadaye, na sasa huna usingizi. Mstari huo usiuhesabu. Majibu husomwa kati ya dakika 20 na 40 tangu kijiti cha kupimia kiingie kwenye kichupa chenye maji ya kipimo. Baada ya hapo kinachojitokeza hakiaminiki, kiwe kizuri au kibaya. Rudia kwa kifurushi kipya. Lakini T ikionekana ndani ya muda, hata ikiwa nyembamba kama uzi wa buibui, ihesabu kuwa ipo na uende ukathibitishe kwa damu ya kidole. Hospitali ya Malindi wanapima, na walio kisiwani Lamu waende Hospitali ya King Fahd.

Sasa uchukuaji, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Jina la kipimo cha mate linapotosha. Hayatafutwi mate ya kutema, bali majimaji yanayochuja kutoka kwenye damu hadi ukingoni mwa ufizi, ambayo hubeba kingamwili, yaani vile mwili unavyotengeneza kupambana na kirusi. Kirusi chenyewe hakitafutwi, wala mate hayaambukizi VVU. Basi bonyeza ule upande bapa wa kijiti kwenye ufizi wa juu, pale nyama inapokutana na jino, uvute kutoka pembe hadi pembe mara moja. Halafu ufizi wa chini, mara moja. Usipake ulimi wala shavu, na upande bapa usiuguse kwa kidole. Kichupa kifunguliwe na kusimamishwa kwenye kishikizi chake kabla ya kugusa mdomo, kwa sababu yale maji ni kidogo sana na yakimwagika kipimo kimekwisha.

Baada ya kula, kunywa au kutafuna chochote, subiri dakika 15. Baada ya kupiga mswaki kwa dawa au kusukutua kwa dawa ya mdomo, dakika 30. Watafunaji wa muguka na wapenzi wa tambuu, hili linawahusu hasa: tema yote, sukutua kwa maji, ndipo uanze kuhesabu. Wekundu wa tambuu ukiingia kwenye kidirisha cha kijiti utakusumbua kusoma. Meno bandia yatoe.

Joto nalo. Kifurushi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30, na chumba cha mabati hapa pwani hupita 30 kabla ya adhuhuri. Usikiache kwenye gari, wala kwenye mkoba ulioanikwa juani kwenye boti ya Mokowe ya kuvukia Lamu. Unaponunua, angalia tarehe ya mwisho, na uliza duka lilikuwa limekiweka wapi. C isipotokea kabisa, kipimo kimeharibika. Hayo si majibu.

C peke yake ni hasi, ila kingamwili huchelewa kujengeka. Kama hatari ilitokea ndani ya miezi 3 iliyopita, pima tena miezi hiyo ikitimia. Na kama ilitokea ndani ya saa 72, acha kijiti, kimbilia hospitali leo hii uombe PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya hatari. Dawa hizo hunywewa siku 28 na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Anayetumia ARV (dawa za kutibu VVU) au PrEP (dawa za kujikinga kabla ya hatari) asikitegemee kipimo hiki, kwani dawa zinaweza kufanya kingamwili ziwe chache na C ikatoka peke yake.