Kusikiliza Muziki Katika Kanisa la St Martin-in-the-Fields

Swali: Mhariri mpendwa, nitakuwa London hivi karibuni na ningependa kuhudhuria tamasha katika kanisa la St Martin-in-the-Fields. Je, inafaa niingie ilhali mimi si muumini wa kanisa hilo? Na niketi wapi?

Jibu: Ingia bila wasiwasi, ndugu msomaji. Kanisa hilo lililo kando ya Trafalgar Square, ambalo lilisanifiwa na James Gibbs na kukamilika mwaka 1726, hadi leo ni la parokia, lakini huwapokea wapenzi wa muziki wa imani zote. Humo ndimo okestra ya Neville Marriner, iliyochukua jina la kanisa lenyewe, ilimofanyia onyesho lake la kwanza mwaka 1959. Kuhusu kiti, chunguza vizuri kabla ya kulipa, kwa sababu nguzo zinazobeba roshani huweza kuwaziba walioketi pembeni wasiwaone wanamuziki. Mimi ningechagua katikati. Fika jua likingali juu ili ulitazame dirisha la mashariki lililowekwa mwaka 2008, ambalo fito zake za chuma hujipinda kulizunguka duara lililorefuka, mithili ya msalaba unaoonekana ndani ya maji. Simu uizime kabisa, na makofi yasubiri hadi utunzi mzima uishe.