Safu ya DMSO Kwanza, MIC Baadaye

Wadogo zetu mnaoanza kupima mitishamba, tumeona tena pleti za vishimo 96 zilizopangwa vizuri kabisa, na majibu yake hayafai kuandikwa popote. Kosa ni lilelile la waliowatangulia: mnasoma MIC, yaani kiwango kidogo kabisa cha ekstrakti (dondoo la mmea) kinachozuia bakteria kuota, kabla ya kupima peke yake DMSO, kiyeyushi cha ekstrakti hiyo. Linauma, kwa sababu mganga wa Ukerewe au Magu aliyewaonyesha mti wake anastahili jibu la kweli.

1. Kutoka porini. Chukueni jani, ua na tunda la mmea uleule mliokata, myabane kwenye magazeti, mpeleke kwa mtaalamu wa mimea. Jina la Kisukuma au la Kikerewe peke yake halitoshi. Kausheni kivulini, mtandaze tabaka jembamba na kuligeuza. Majani mabichi yakifungiwa kwenye mfuko wa nailoni na joto hili la ziwani, yanaota ukungu, na upo ukungu unaotengeneza viuavijasumu vyake wenyewe. Hapo mtasifia mti kwa kazi ya ukungu.

2. DMSO. Hapa tusikimbie. Mtu ana ekstrakti ya miligramu 100 kwa mililita, ndani ya DMSO tupu. Anaweka mikrolita 100 za brothi (mchuzi wa kuoteshea bakteria) kila kishimo, anatia mikrolita 100 za ekstrakti kwenye cha kwanza, anahamisha nusu kwenda cha pili, anaendelea hadi mwisho. Kisha anaongeza mikrolita 100 za bakteria. Kishimo cha kwanza sasa kina miligramu 25 kwa mililita, na DMSO asilimia 25! Cha pili ni 12.5 na 12.5. Anasoma MIC ya 12.5, anashangilia, kumbe kiyeyushi peke yake kwa wingi huo kinatosha kuzuia bakteria wengi. Mmea haujasema lolote bado.

Fanyeni hivi: mikrolita 40 za ekstrakti ileile kwenye mikrolita 960 za brothi, ndipo mwanze kupunguza kwa nusu vishimoni kama alivyofanya yule. Bakteria wakishaingia, kishimo cha kwanza kitakuwa na miligramu 1 kwa mililita na DMSO asilimia 1. Msisahau kwamba mikrolita 100 za bakteria nazo zinapunguza kwa nusu. Wengi hupotelea hapo. Safu moja iwe ya DMSO bila ekstrakti, ipunguzwe vilevile. Bakteria wa McFarland 0.5 (kipimo cha wingi wa bakteria kwenye kimiminika) wapunguzeni mara 150, ndani ya kishimo watabaki kama 500,000 kwa mililita. Na kama kwenye miligramu 1 bado wanaota, andikeni hivyo bila aibu.

3. Rangi. Ekstrakti ya gamba ni kahawia, jicho halioni brothi ikichafuka kwa bakteria walioota. Tieni resazurini, rangi inayobadilishwa na bakteria walio hai: ikibaki buluu wamezuiwa, ikiwa pinki wameota. Ila baadhi ya ekstrakti huibadili zenyewe, kwa hiyo wekeni vishimo vya ekstrakti bila bakteria.

4. Vimelea. Kwa malaria, pimeni kwanza ekstrakti kwenye chembe nyekundu safi. Saponini, kemikali za mimea zinazotoa povu kama sabuni, hupasua chembe, kimelea kinakufa kwa kukosa nyumba, nanyi mnaandika mmepata dawa. Pimeni pia seli za binadamu. Dozi inayoua nusu ya seli hizo iwe walau mara kumi ya ile inayoua nusu ya vimelea.

Kichocho nacho kina mtego wake. Matunda ya Phytolacca dodecandra huua konokono wa Biomphalaria, wanaobeba kichocho cha tumbo huku ufukweni. Hiyo ni dawa ya konokono. Minyoo iliyo ndani ya mtu inahitaji kipimo chake.