Mwambie fundi aweke grainda chini, hiyo chasi haitarudi

Mdogo wangu wa Kisumu, mpigie fundi simu usiku huu huu asije Jumatatu. Umeuliza mengi: mzee amekuachia Hilux ya 1981 yenye injini ya 12R, unataka kujua kama injini kubwa ya 1JZ itaingia, rimu za saizi gani, rangi gani, viti utapata wapi, na kama ni kweli mtu akivuka miaka arobaini anaanza kupenda pikapu ikiwa vile ilivyotoka kiwandani. Halafu pale mwisho, kama kitu kidogo tu, ukaandika kwamba fundi "atamega chasi kidogo nyuma ili gari lilale," yaani likae chini karibu na lami. Hapo ndipo nilipoacha chai yangu. Rangi unaweza kuibadilisha hata kesho kutwa. Chasi iliyomegwa imemegwa.

Mimi nilimega yangu, umbo hilo hilo, nikiwa na umri wako. Sitakusimulia safari yangu, ila nataka ujue chuma kinafanya nini baada ya grainda kupita.

Hilux yako imekaa juu ya chasi, yaani boriti mbili ndefu zilizounganishwa kwa krosimemba, vyuma vinavyokingama kati yake. Kebini, injini, tangi la mafuta, springi, vyote vimefungwa kwenye hizo boriti mbili. Ukilaza pikapu sana, ekseli ya nyuma, yule mhimili unaobeba magurudumu, inagonga boriti kila ukipita kwenye tuta. Dawa ya mafundi ni kumega nusu duara upande wa chini wa boriti, pale ekseli inapopita, halafu kuziba pengo kwa kipande cha bamba. Kwa macho inaonekana kazi safi. Lakini nguvu ya boriti iko kwenye kina chake, yaani umbali kati ya ukingo wa juu na ukingo wa chini. Ukipunguza kina kwa nusu, bati likiwa lile lile jembamba, ugumu wake wa kukataa kupinda haubaki nusu. Unabaki robo, au chini ya robo. Na umepunguza mahali ambapo mzigo wote wa nyuma unapita kuingia kwenye springi.

Kisha kuna moto. Chuma kilicho kando ya mshono, sentimita moja hivi kila upande, kimepikwa kikapoa haraka, na tabia yake haifanani tena na ya jirani yake. Chasi ya pikapu imeundwa ijipinde kidogo muda wote, ndiyo maana kuna mwanya kati ya kebini na bodi ya nyuma. Sasa umeweka sehemu moja iliyokakamaa katikati ya boriti inayotaka kunyumbuka. Ufa hauanzii kwenye mshono wenyewe. Unaanzia ukingoni mwa mshono, hasa kwenye kona kali, mwembamba kama unywele, na unajificha chini ya rangi nyeusi uliyopaka ili kazi ipendeze. Weka magunia kumi ya mahindi ya kilo 90, pita matuta ya Ahero mara chache, na huo unywele unatembea. Ndani ya boriti nako rangi ya kiwandani imeungua, brashi haifiki, na tope la Muhoroni linaingia na kukaa. Kutu inakula kutoka ndani wakati nje panang'aa.

Na huyo fundi anayekushauri, najua atasema nini, kwa sababu niliambiwa maneno hayo hayo hapa Nakuru na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni mageti: "Chuma ni chuma, kikikatwa kinaunganishwa." Bado yananichoma. Geti linasimama ukutani na mzigo wake ni upepo. Chasi imebeba watu na inakwenda kilomita themanini kwa saa ikiteremka Salgaa. Mtu hajui boriti inapinda kuelekea wapi, hana kifaa cha kupimia zaidi ya jicho lake, na anakuahidi kazi ya siku mbili kwa uhakika wa daktari. Ukimuuliza atatumia vijiti gani vya kuchomelea, atakuonyesha vile vile vya kushonea madirisha. Ufa ukija miaka miwili baadaye atakuambia ulibeba mzigo mkubwa. Pikapu ya tani moja, na kosa lako ni kubeba mzigo!

Dalili za chasi iliyolegea hazianzi na kishindo. Simama nyuma ya kebini utazame ule mwanya kati yake na bodi. Unatakiwa ufanane juu na chini, kushoto na kulia. Ukiona kidole kimoja kinapita kushoto na viwili vinapita kulia, chasi imekwenda. Mlango wa dereva utataka kuinuliwa kidogo ndipo ufunge. Tairi za nyuma hazitafuata nyayo za mbele, gari litakwenda ubavu kidogo kama kaa, na tairi zitalika upande mmoja hata ukipanga miguu (alaimenti ya tairi) kila mwezi. Kupima vizuri si kazi ngumu: egesha kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, teremsha uzi wenye timazi kutoka kwenye matundu yanayofanana ya boriti zote mbili, weka alama za chaki sakafuni, sogeza gari, kisha pima mishazari, kona hadi kona, kwa utepe. Mishazari miwili ikitofautiana zaidi ya milimita tano hivi, usimruhusu mtu yeyote kuchomelea chochote kabla chasi haijanyooshwa.

Kama ameshakata (naomba iwe hajakata), usimwachie azibe kwa kipande cha mraba. Bodi ya nyuma itoke, tangi litoke, mipaipu ya breki na waya zinazopita kwenye boriti zisogezwe, waya za betri zifunguliwe ili altaneta isiungue. Mwisho wa kila ufa utobolewe tundu la milimita 6 ili usiendelee kutembea. Kiraka kiwe na unene ule ule wa boriti, kwa sababu kinene zaidi kinasukuma ufa uende kuanzia pale kinapoishia, na kikatwe kikiwa kimechongoka mbele na nyuma kama jani la mwembe. Mshono ufuate urefu wa boriti. Mshono uliosimama wima kukata boriti kutoka juu hadi chini ndio unaovunjika, na kingo za juu na chini za boriti zisiguswe na moto kabisa. Vijiti viwe vya E7018, vikavu, vilivyotoka kwenye paketi iliyofungwa. Hivi vya E6013 gauge 12 vinavyouzwa kila duka la vyuma ni vizuri kwa kazi yake, na kazi yake si hii. Hata ukifanya hayo yote umepata chasi iliyotibiwa. Nzima hutaipata, na huwezi kuagiza pikapu nyingine ya 1981 kutoka nje, sheria inayokataza kuingiza gari lililozidi miaka minane iko palepale. Zilizobaki ni hizi zilizoko nchini, na kila mwezi moja inakwenda kuuzwa kwa kilo.

Ndiyo maana ninayo kanuni moja tu, na ninaishika kwa mikono miwili: kama haiwezi kurudishwa kwa spana, usiifanye. Boliti, ndiyo. Grainda na moto, hapana.

Unataka ilale? Inalala kwa spana. Lala chini utazame kama springi zako zimepita chini ya ekseli au juu yake. Zikiwa chini, bloku ya chuma ya inchi mbili kati ya springi na ekseli itashusha gari. Zikiwa juu, bloku hiyo hiyo itainua, na nimeona watu wakishangaa. Bloku iwe kipande kimoja, isiwe mbao wala vipande viwili vilivyopangwa, na iwe na chuchu ya kuingia kwenye tundu la boliti ya katikati ya springi. Yubolti, zile boliti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zinunuliwe mpya na ndefu zaidi, za zamani zikishavutwa zimevutika. Zikaze tena baada ya kilomita mia moja. Kama gari lako lina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo, irekebishe pia, kwa sababu gari likishuka vali inadhani umebeba mzigo na inapeleka breki nyingi nyuma. Kwenye mvua ya Kakamega magurudumu ya nyuma yatakwama kabla ya mbele na gari litageuka. Inchi mbili zinatosha, na ekseli haigusi chasi.

Usikubali springi zichomwe moto zilegee. Chuma cha springi kimetiwa ugumu wake kwa joto lililopimwa, na ukikipasha hadi kiwe chekundu umeuondoa. Italala vizuri wiki ya kwanza, itaendelea kulala, kisha jani kuu litakatika, na ndilo linaloshikilia ekseli mahali pake.

1JZ sasa. Ni silinda sita za lita 2.5 zilizopangwa mstari mmoja, kutoka kwenye Mark II na Chaser. 12R yako ni silinda nne za cc 1,587. Urefu huo wa ziada utatoka wapi? Utatoka kwenye ukuta wa kebini au kwenye nafasi ya radieta, yaani grainda tena. Mikono ya injini itachomelewa kwenye boriti za mbele, na kwenye Hilux namba ya chasi imegongwa kwenye boriti ya kulia mbele. Mtu akiipitishia grainda au moto, utakuwa na gari lisilolingana na logbuku, na hakuna mkaguzi atakayekusikiliza. Namba ya injini nayo lazima ibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, kabla hujaanza kutembea, na kampuni ya bima iambiwe. Na breki zako, propela shafti na difu vilitengenezewa injini ya nguvu za farasi themanini hivi, wewe unaleta zaidi ya mara mbili.

Kama nguvu ndiyo shida, toyota yenyewe iliweka 18R ya cc 1,968 kwenye umbo hilo hilo la Hilux, kwa hiyo ukuta haukatwi. Lakini kwanza hakikisha 12R yako ina nguvu zake zote. Pointi za distributa ziwe na mwanya wa milimita 0.45, plagi 0.8, kabureta ioshwe na jeti zake zisiwe zimetobolewa na fundi mwenye sindano. Kisumu mko mita 1,100 na kitu, Nakuru tuko karibu 1,850, hewa ya huku ni nyepesi. Injini iliyopangwa Kisumu ikipanda kwenda Timboroa inakula petroli nyingi na kutoa moshi mweusi, na watu wanasema imechoka. Haijachoka, inakosa hewa.

Kuhusu umri, hilo swali lako ni la maana kuliko unavyodhani. Ndiyo, macho yanabadilika. Ukiwa na miaka ishirini na nane unataka gari lisikike kabla halijaonekana na bodi igusane na lami. Ukiwa arobaini na saba unataka liwake saa kumi na moja alfajiri ukipeleka mbolea shamba, na mgongo wako ndio unaoamua springi. Fungua boneti ya hiyo pikapu ya mzee kesho asubuhi. Tazama kando ya injini: unaona ardhi. Mkono unafika kwenye distributa, kwenye pampu ya mafuta, kwenye plagi zote nne, bila kufungua kitu kingine. Sasa hivi hiyo nafasi unaiona kama pengo la kujazwa. Baadaye utaiona kuwa ndiyo sababu ya kuipenda. Sikukatazi kuwa kijana, weka rimu, weka usukani mdogo, weka relei mbili za taa zenye fyuzi na waya wa milimita 2.5 ili taa ziwake kweli, weka mikanda. Vyote hivyo vinafunguka, na siku macho yakibadilika kila kitu kinarudi.

Ndiyo maana chochote unachotoa kisiondoke nyumbani. Boliti kwenye mfuko wa plastiki, karatasi ndani imeandikwa ilikotoka. Kifuniko cha nyuma cha bodi, kile chenye herufi za TOYOTA zilizofinyangwa kwenye bati lenyewe, kipake oili, kifunge kwa gunia, kiinue kwenye mbao mbali na sakafu. Mtu wa vyuma vikuukuu akipita na mizani yake, mwambie hakuna kitu. Changu kilikwenda kwa kilo, na tangu hapo nimekitafuta Shabab hapa Nakuru, nimekitafuta Eldoret, nimekitafuta soko la Kibuye huko kwenu Kisumu siku za Jumapili, na kila ninachokuta kimepigwa nyundo au kimejazwa puti unene wa kidole.

Fanya hivi. Kesho lala chini ya gari na tochi, piga picha boriti zote mbili kuanzia nyuma ya kebini hadi mwisho, na picha ya springi zilivyofungwa kwenye ekseli, uziweke hapa. Nitakuambia urefu wa yubolti za kununua. Na kama fundi ameshachora ile nusu duara kwa chaki, chukua kitambaa chenye maji uifute.