Kwa mwalimu mpya wa Kiingereza: tarehe kwanza, hadithi baadaye

Wanafunzi watakuuliza maneno yametoka wapi. Furahia swali hilo, ila jihadhari na majibu yanayopita mdomo kwa mdomo kutoka shule hadi shule. Wengi tulifundishwa kwamba news ni herufi za mwanzo za majina ya pande nne za dunia. Si kweli. Ni new iliyotiwa s ya wingi, yaani mambo mapya, kwa kuiga nouvelles ya Kifaransa. Maneno ya kuunganisha herufi za mwanzo yalikuwa adimu mno kabla ya karne ya 20, kwa hiyo ukiambiwa neno la kale lilizaliwa hivyo, shuku.

Salary inahitaji uangalifu zaidi. Imetoka kwenye salarium ya Kilatini, na ndani yake mna sal, chumvi. Ishia hapo. Kwamba askari wa Roma walilipwa mshahara wa chumvi, hakuna andiko la kale linalosema hivyo.

Kabla ya kusimulia chochote, tafuta neno liliandikwa lini mara ya kwanza, na kwa tahajia gani. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyotolewa sehemu kwa sehemu kuanzia 1884 hadi 1928, ilijengwa kwa kazi hiyo: wasomaji wa kujitolea walituma vikaratasi vyenye sentensi walizozikuta vitabuni. Tahajia za zamani hufichua mengi. Ile s ya island inayowasumbua wanafunzi haikuwamo katika Kiingereza cha kale. Walioichomeka walidhani neno hilo ni la ukoo wa isle, lenye asili ya Kilatini. B ya debt nayo iliongezwa baadaye ili ifanane na debitum ya Kilatini.

Sasa, utajiri wako mkubwa ni Kiswahili, na nasikitika tunapouacha nje ya mlango wa darasa. Andika sifuri ubaoni. Kiarabu ni sifr, kitu kitupu. Fibonacci, mwanahisabati wa Pisa, Italia, aliyejifunzia hesabu Afrika Kaskazini, aliiandika zephirum kwa Kilatini mwaka 1202. Waitaliano wakaifupisha kuwa zero, ikafika Uingereza kupitia Kifaransa. Sifr hiyohiyo ilipita njia nyingine ikawa cipher, ambayo mwanzoni ilimaanisha sifuri, kisha tarakimu yoyote, hatimaye maandishi ya siri. Ndugu watatu hao, na mmoja mtoto wa darasa la kwanza anamjua tayari! Waliosoma madrasa wape nafasi ya kusema. Mara nyingi watakutangulia.

Usisahau safari, ambayo Kiingereza kiliichukua kwetu katika karne ya 19, nasi tulikuwa tumeipata kwa Waarabu. Sukari na sugar usiwaeleze. Wape kamusi wazitafute wenyewe, na kila mmoja arudi na tarehe.