Lindisfarne "mpaka tuchoke"? Dada, futa hiyo Jumatano

Dada, huo mstari wa Jumatano ufute kwanza, mengine tutazungumza. Umeandika: "Asubuhi tunaingia Lindisfarne, tutarudi tukichoka." Pale hurudi ukichoka. Unarudi bahari ikikuruhusu.

Najua umeuliza mengi: wiki nzima ya Agosti huko Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, na watoto watatu, mlale wapi, mle wapi halali, ukuta wa Warumi, ndege wa visiwa vya Farne, ngome ya Alnwick. Na wenzangu humu wameshakumwagia picha za majumba. Hakuna hata mmoja aliyekwambia kuhusu maji, na ndiyo maana nimeshindwa kulala.

Lindisfarne inakuwa kisiwa mara mbili kila siku. Unatoka barabara kuu ya A1, unapita Beal, kijiji cha upande wa bara, unashuka pwani, unavuka. Usitegemee daraja la juu kama la Kigamboni. Ni lami iliyolazwa juu ya mchanga tangu 1954, na maji yakijaa inalala chini ya bahari kwa saa tano hivi. Simu yako haitakwambia. Yangu ilinichorea mstari wa buluu mpaka hotelini kana kwamba naenda dukani.

Sasa cheka, maana hapa ndipo penye aibu. Mimi ni mtoto wa Jambiani. Nimekulia kwenye pwani ambayo maji yakitoka unatembea mpaka miguu inauma, na kina bibi wakiwa kwenye mashamba ya mwani hawahitaji saa, wanatazama maji yanavyorudi kwenye mikondo. Tulikuwa tunachapwa kwa kuchelewa kupanda kutoka pwani. Mtu huyohuyo akapewa leseni ya Uingereza na gari la viti saba, akaenda kulizamisha mbele ya mama mkwe.

Nina shemeji yangu anaishi Newcastle mwaka wa kumi na tano, na cha kaskazini chote anakijua yeye. Nilimtumia picha ya jedwali la kuvuka, lile la saa salama za kupita, imeandikwa mwisho 14:05, yaani saa nane na dakika tano mchana. Akanijibu kwa sauti, huku anatafuna: "Hilo wameweka saa nzima ya akiba, kuwatisha watalii. Sisi huwa tunapita tu." Hiyo "sisi" nilikuja kuichunguza baadaye. Amewahi kupita mara moja, ndani ya basi, wakati maji yametoka.

Saa tano asubuhi tuko ndani. Watoto wakapenda zile mashua kuukuu zilizopinduliwa kifudifudi zikageuzwa mabanda, wakapanda mpaka kwenye ngome, nikawahadithia kidogo habari za watawa na wale maharamia wa Viking waliovamia mwaka 793. Saa saba na nusu mama watoto akaniambia, "Baba, mbona watu wanaondoka?" Nikageuka nikatazama maegesho. Asubuhi tulizunguka mara tatu kutafuta nafasi, sasa magari yanahesabika. Unajua nilisema nini? Nilisema afadhali, kumetulia. Nikajiunga na foleni ya aiskrimu.

Tumeondoka saa nane na dakika ishirini na tano. Ukitoka kijijini barabara ni kavu kabisa, na hapo ndipo unapodanganyika. Unajisemea, ona, shemeji alisema kweli. Pale penye bonde ni mbele, karibu na bara, kwenye kidaraja. Na maji hayaji kama wimbi la kwenye sinema. Yanajipenyeza kwenye mikondo pembeni, kimya, unashtukia yako kulia, kushoto, na kule ulikotoka. Nikaona lami inang'aa tu, kama imenyeshewa. Nikakanyaga mafuta.

Injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Halafu wipa zikaanza kufuta kioo zenyewe, jua linawaka, hakuna tone la mvua. Honi ikalia yenyewe. Nyuma yangu binti yangu akasema taratibu, "Baba, viatu vyangu vinaelea."

Kuna kibanda cheupe cha mbao juu ya nguzo ndefu, kimejengwa pale kwa ajili ya watu wenye akili kama zangu. Tukapanda ngazi: mtoto mgongoni, mama mkwe mbele anasoma kila dua anayoijua, mama watoto haongei kabisa. Nikapiga 999, namba ya dharura, nikaomba walinzi wa pwani. Boti ya uokozi ikaja kutoka Seahouses. Wale ni watu wa kujitolea, dada. Mmoja bado alikuwa na rangi ya ukutani kwenye vidole, ameacha kazi yake nyumbani. Hakuna aliyetufokea, na bora wangetufokea. Tukiwa kule juu mdogo akauliza kama hii nayo tumeilipia tiketi. Chini taa za hatari za gari ziliendelea kupepesa ndani ya maji, chik, chik, mpaka zikachoka.

Maji ya chumvi hayasamehi. Gari lilitolewa usiku maji yalipokupwa, fundi akafungua boneti, akafunga, akanipa pole. Kampuni ya bima wakaniuliza, je, uliona bango? Pale mwanzo wa njia kuna bango lenye picha ya gari limezama. Dada, wanangu walipiga picha mbele yake wakicheka, na mimi nimo. Fidia ikakatwa, mwaka uliofuata ada ikapanda, ongeza gari la kuvuta, gari la kukodi, viti vipya vya watoto na usiku mwingine hotelini. Nilifika pauni elfu tatu na ushei, kwa aiskrimu tano. Shemeji alichangia emoji ya kulia.

Nilimpigia mjomba Jambiani, mvuvi, hajawahi kukanyaga Ulaya. Hakuuliza gari. Aliuliza, "Mwezi ulikuwaje?" Nikanyamaza. Usiku wa kabla yake nilikuwa nimeupiga picha juu ya ngome ya Bamburgh, umejaa kama sinia. Bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu! Ningemuona mtu anafanya hivyo kwetu ningemwita mgeni.

Kwa hiyo, kabla hujalipia chumba, fungua jedwali la kuvuka linalotolewa na halmashauri ya kaunti ya Northumberland, tafuta tarehe yako. Si jedwali la kawaida la maji kujaa na kupwa, hilo ni kitu kingine, usijipigie hesabu mwenyewe kama mimi. Ile saa ya mwisho iliyoandikwa, toa saa moja nzima. Hiyo ndiyo saa matairi yenu yawe yameshagusa Beal, siyo saa ya kuanza kutafuta viatu vya mtoto. Hakuna akiba iliyofichwa humo, na upepo ukivuma vibaya maji yanawahi. Kama muda wa kuvuka wa Jumatano unafunga mchana, peleka Lindisfarne Ijumaa, Jumatano nendeni ukutani. Pale Housesteads, ngome ya Kirumi kwenye huo ukuta, kuna choo cha pamoja cha askari wa Kirumi, wanangu walikaa hapo kuliko sehemu yoyote ya safari.

Mengine haraka. Wale pafini, ndege wa Farne, usiwaahidi watoto, kufikia Agosti wengi wameshaondoka kwenda baharini. Sili mtawaona, boti zinaondokea Seahouses. Kijiji cha Craster mpaka magofu ya ngome ya Dunstanburgh ni mwendo wa miguu kama nusu saa, njia ya majani, kondoo wanakutazama, na haihitaji jedwali la mtu yeyote. Alnwick ndiyo ile ya filamu za Harry Potter, kwa hiyo watoto watakuburuta tu hata usipotaka.

Halali... subiri, uliuliza na treni pia? Nitarudi jioni. Kwanza weka hapa tarehe ya hiyo Jumatano nikutazamie saa.