Dira kutofautiana nyuzi

Mwalimu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako hapo Mikindani wanalenga mnazi mmoja kwa dira, lakini kila mtu anasoma nyuzi (digrii) zake. Waondoe kwanza karibu na mabati, na simu zikae mbali: chuma na sumaku huvuta sindano. Dira ilale bapa usawa wa kifua; mtu ageuke mwili mzima. Angalia pia kama sindano za dira zilisawazishwa kwa matumizi ya Ulaya. Huku kusini mwa ikweta ncha ya kusini ya sindano huinama, ikakwaruza ndani ya dira.

Kisha waanzie kwenye kigingi, waende hatua 50 kwa nyuzi 0, halafu 50 tena kwa kila moja ya 90, 180 na 270; lazima warudi kwenye kigingi hicho. Wasitembee wakikodolea dira, walenge mkorosho ulio mbele. Kosa la nyuzi 5 tu ni karibu mita 9 kwa kila mita 100.