Kabla hujauza kiwanja cha Buswelu kwa ajili ya betri ya kifafa

Dada uliyeuliza jana kama uuze kiwanja cha Buswelu umpeleke mwanao India akawekewe "betri ya kichwani" kwa sababu dawa za kifafa zimegoma, nakujibu kwa urefu maana mdogo wangu anayo, mwaka wa tatu huu. Pole sana kwanza. Najua kulala huku unasikilizia kama kitanda kinatikisika.

Betri yenyewe haikai kichwani, inakaa kifuani chini ya mtulinga, ukimgusa unaisikia kama kiberiti ndani ya ngozi. Kutoka pale nyaya zinapita shingoni kwa ndani, nyuma ya sikio, zinaingia kwenye ubongo mpaka katikati kabisa sehemu inaitwa thalamasi, daktari alituambia ni kama stendi, habari nyingi za ubongo zinapita pale na ule umeme wa kifafa nao unapita hapo hapo kusambaa, sasa mashine inapiga umeme mdogo mdogo dakika moja, inapumzika dakika tano, inawaka tena, usiku na mchana, na yeye hasikii kitu.

Ila kabla ya kiwanja jiulize kitu ambacho sisi tulichelewa mno kujiuliza. Dawa zimegoma kweli? Kifafa sugu ni pale mtu ametumia dawa mbili zinazofaa aina yake ya kifafa, dozi ya kutosha, bila kuruka, na bado anaanguka. Wanaofika huko ni kama mmoja kati ya watatu. Mdogo wangu alikuwa anavua dagaa, usiku kucha yuko ziwani na karabai, hapati usingizi, dawa kaziacha nyumbani kwenye mfuko wa suruali nyingine, halafu sisi tunasema fenobabito haifanyi kazi! Na kukosa usingizi kwenyewe kunaamsha kifafa. Siku alipoangukia majini pale mwaloni Kirumba wenzake wakamvuta kwa shati, ndo nikamtoa ziwani nikaanza kumsimamia mwenyewe, saa mbili asubuhi, saa mbili usiku, alamu kwenye simu, dozi ya kabamazepini ikapandishwa taratibu, wakaongeza dawa nyingine juu yake, na kila akianguka naandika kwenye daftari. Maanguko yalipungua, lakini bado ni kumi na moja, kumi na mbili kwa mwezi. Hapo ndo tukakubali zimegoma.

India hawakukimbilia betri. Walimlaza siku tano, kichwa kizima kimebandikwa waya za EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, kamera inamwangalia, wanasubiri aanguke ili waone umeme unaanzia wapi. Na MRI juu, ile mashine ya sumaku inayopiga picha ya ndani ya ubongo. Hili dada lishike sana, kama kifafa kinaanzia sehemu moja inayoweza kutolewa, upasuaji wa kuitoa ndo unaangaliwa kwanza, kwa sababu huo unaweza kukikata kabisa. Cha mdogo wangu kilikuwa kinaanzia pande zote mbili, huwezi kukata kote, ndo betri ikaja mezani.

Na betri haiponyeshi. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani ulikuwa na watu 110, baada ya miaka miwili zaidi kidogo ya nusu yao kifafa kilikuwa kimepungua kwa nusu au zaidi, na kadiri miaka ilivyoenda kikaendelea kupungua, lakini walioacha kuanguka kabisa kwa miezi sita au zaidi walikuwa wachache. Ulaya waliiruhusu 2010, Marekani 2018. Wengine walilalamika huzuni na kusahau, kwa hiyo kama kijana ana historia ya sonona waambie mapema usifiche. Mdogo wangu miezi ya kwanza hatukuona tofauti, mama akalia akasema tumetupa hela. Mwaka ulipoisha daftari linasoma manne, matano kwa mwezi, na mengi anayasikia yanakuja, anakaa chini mwenyewe. Dawa bado anameza zile zile.

Gharama ya upasuaji utaambiwa, ambayo hutaambiwa ni ya baadaye. Mashine inarekebishwa kwa kifaa maalum wanakiweka juu ya kifua, na sisi hapa Mwanza hatukupata wa kuirekebisha, tumerudi India mara mbili. Betri yetu ni ya kubadilisha ikiisha baada ya miaka kadhaa, kifua kinafunguliwa tena. Akienda MRI lazima waambiwe kwanza. Kadi ya mashine hatembei bila hiyo, uwanja wa ndege alisimamishwa wakati mlango unalia, akafungua kifungo cha shati akaonyesha kovu, yule askari akamwambia pita baba, pole.

Kwa hiyo kiwanja kisiuzwe wiki hii. Niandikie hapa majina ya dawa alizotumia, miligramu ngapi, kwa muda gani, na kama kuna mtu amewahi kumrekodi video akianguka itunze, daktari wetu aliangalia ya sekunde arobaini tu akabadilisha dawa siku hiyo hiyo.